Upande wa Kushoto wa Nira

Nilikuwa bado mtoto wa kutumwa maji na kufukuzwa kwenye mazungumzo ya wakubwa, kijijini kwetu nje ya Bariadi, nilipomsikia Bibi akisema kwamba mama yangu hajifungui kwa sababu kuna mdomo wa ndugu uliofungwa. Sikuelewa vizuri, lakini niliogopa, maana mdomo wenyewe niliujua. Ulikuwa wa Baba Mkubwa.

Wazee wengi wa rika la Bibi waliamini hivyo. Ndugu akikukasirikia na akaliweka moyoni, hasira yake inakwenda kumkalia asiye na kosa, hasa mtoto aliye tumboni. Dawa yake ilikuwa mwenye hasira aseme waziwazi kilichomuuma, kisha achukue maji mdomoni ampulizie ndugu yake kifuani. Basi. Hapakuwa na mganga wala kuku.

Tatizo ni kwamba Baba Mkubwa alikuwa mzee wa kanisa, tena wa wale wanaokaa benchi la mbele na kugeuka kuwakazia macho watoto wanaokohoa. Mambo ya kupuliza maji aliyaita ya gizani. Na kusamehe, ambako kanisani kwake kulihubiriwa kila Jumapili, nako kulikuwa kumemshinda.

Ugomvi wao ulikuwa wa ng'ombe. Babu alipofariki aliacha maksai wawili aliowafundisha pamoja tangu wakiwa ndama, na kwa kuwa alipenda utani aliwaita Ujamaa na Kujitegemea. Ujamaa alivuta kulia, Kujitegemea kushoto, na hakuna aliyewahi kuwabadilisha. Baba Mkubwa alirithishwa Ujamaa, Baba akarithishwa Kujitegemea. Nadhani Babu alitaka wanawe wasiweze kulima bila kuitana. Kisha zikaja enzi za ruksa. Mitumba ikajaa minadani, wanunuzi binafsi wa pamba wakaanza kupita na magari yao, na Baba, ambaye biashara ilikuwa ikimwasha siku nyingi, akamswaga Kujitegemea hadi mnadani, akarudi na marobota ya nguo. Wala hakumwambia kaka yake neno. Leo naweza kucheka kwamba wakati nchi nzima inaachana na kujitegemea polepole, baba yangu alimuuza akiwa na pembe na mkia. Wakati ule hakuna aliyecheka.

Ujamaa alimkataa kila mwenzake aliyeletewa. Akifungwa nira na mgeni, alilala chini palepale shambani. Baba Mkubwa naye akaacha kuongea na Baba. Kaya zetu zilitenganishwa na ua wa minyaa tu, lakini asubuhi akipita alitusalimia sisi watoto, "Mwangaluka," na Baba akitokeza, yeye anatazama pembeni.

Basi siku ile uchungu ulikuwa umeanza usiku, jua likatoka, likapanda, mtoto hatoki. Mkunga wa kijiji alitoka ndani akasema mtoto amekaa vibaya, mama apelekwe hospitali Bariadi upesi, vinginevyo tutawapoteza wote wawili. Kwenye baiskeli asingeweza kukaa. Kilikuwa kiangazi, na ng'ombe wa jirani zetu walikuwa wamepelekwa malisho ya mbali. Mkokoteni ulikuwepo, wa Baba Mkubwa. Ng'ombe alikuwepo mmoja, Ujamaa, na mmoja havuti nira ya wawili.

Baba alikaa kizingitini ameshika kichwa. Alijua vizuri ni nini kilichokosekana, na ni nani aliyekiuza.

Bibi alichukua fimbo yake akavuka ua. Sijui alimwambia nini mwanawe mkubwa, ila Baba Mkubwa alikuja, akasimama mlangoni kwetu, akavua kofia, akaanza Sala ya Bwana huku sisi tukimfuatisha. Alipofika mahali pa kuwasamehe waliotukosea, sauti ikakatika. Ndani Mama alisikika akiguna taratibu, kama mtu anayeona aibu kutusumbua. Baba Mkubwa akavaa kofia yake akaondoka, hata amina hakusema.

Nilimchukia. Nilidhani amekwenda kwake kujifungia.

Alirudi akiuburuta mkokoteni mwenyewe. Alikuwa ameingia kwenye nira upande wa kulia, na kwa sababu hapakuwa na wa kumsaidia, mkokoteni ulikuwa ukimvuta kombokombo hadi ukagonga minyaa. Akamtazama mdogo wake.

"Luhende," alisema. "Ingia upande wako."

Baba aliinuka akaingia kushoto. Tulimtandikia Mama yale makoti mazito ya nchi za baridi ambayo hayakupata mnunuzi, shangazi zangu wakakaa nyuma kusukuma, na Bibi akanipa kibuyu cha maji. "Usikimwage, mayu," aliniambia, yaani mama, kama tunavyoitwa wasichana kwetu. "Atakiomba mwenyewe."

Alikiomba tulipofika kwenye mchanga wa mto mkavu, magurudumu yalipozama. Wote wawili walikuwa wanahema, nira imewachubua mabega. Baba Mkubwa alikishika kibuyu bila kunywa.

"Si ng'ombe, Luhende," alisema. "Ungeniomba ningekuruhusu. Nilimwona anapita barabarani na mtu nisiyemjua, nikadhani ameibwa. Nikamkimbilia. Yule mtu ndiye aliyeniambia kwamba ndugu yangu ameuza."

"Niliogopa utakataa, kaka."

"Ningekataa. Halafu ningekubali."

"Nisamehe."

Baba Mkubwa akajaza maji mdomoni, akampulizia kifuani. Shati lote likalowa. Kisha akanigeukia mimi na ule uso wake wa benchi la mbele. "Kabula, mayu, hili mchungaji hana haja ya kulisikia." Wakaingia tena kwenye nira, wakauchomoa mkokoteni, na tulipopanda ng'ambo nilimsikia akiiendeleza ile sala kutoka pale alipoiachia, kwa pumzi za vipandevipande, mpaka amina.

Mdogo wangu alizaliwa hospitalini jua likizama, Mama akiwa hai. Nesi alisema mtoto amegeuka njiani, huenda kwa mtikisiko wa mkokoteni. Bibi alicheka tu. Baba Mkubwa alimshukuru Mungu kwa sauti iliyowaamsha wagonjwa.

Mimi nimekwisha kuwa mtu mzima, nina kanisa langu na wajukuu wangu, na sijaona haja ya kuwaamua hao watatu. Najua tu kwamba mdomo ule ulipofungwa, mkokoteni nao ulisimama, na mama yangu angekufa umbali wa ua mmoja kutoka kwenye mkokoteni huo. Kwa hiyo Bibi alisema kweli, kwa namna yoyote utakayoipima.

Sijalisimulia hili mpaka sasa kwa sababu niliagizwa nisiseme. Baba Mkubwa tumemzika mwaka huu. Vijana walikuwa wamejipanga kubeba jeneza, wenye nguvu zao, na Baba na magoti yake mabovu tulikuwa tumemwekea kiti kivulini. Akainuka. Akamgusa bega kijana aliyesimama mbele, upande wa kushoto, akamwambia apishe.