Siku Mashine Ilipomeza Imvutano

Kuna Ijumaa moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka natikisa kichwa, mwanangu. Na kwa kuwa umeshuka mwenyewe mpaka huku stoo, ukaziona hizi mashine zangu ukacheka, basi kaa hapo juu ya ndoo nikusimulie. Ukitaka kunijibu kwa Kiswidi nijibu tu, watoto wote wa hapa Jakobsberg ndivyo wanavyonifanyia. Masikio yako lakini nayataka kwa Kiswahili.

Ilikuwa ile miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Nilikuwa bado na nguvu zangu na mdomo wangu, nahudumia wagonjwa hospitalini kule Flemingsberg, na siku za mapumziko nakarabati mashine za kufulia za zamani. Si hizi za kioo mbele, hizo hazinipi raha yoyote. Zangu ni hizi nyembamba za kufungulia juu. Unainua mfuniko, unakuta pipa la chuma limelala, na pipa lenyewe lina vibawa viwili. Ukishaweka nguo unavikutanisha vile vibawa mpaka vinashikana na kulia "ka!" Waswidi walikuwa wanazitupa hivihivi. Bibi wa watu anahamia nyumba ya wazee, watoto wake wanakuja na trela, na mashine iliyowafulia nepi zao inapelekwa kwenye uwanja wa taka. Moyo ulikuwa unaniuma kweli. Nilikuwa nawaomba, nao wananishangaa, wananipa, tena wananisaidia kubeba.

Ni hapo kwenye taka nilipokutana na Mzee Lubega, tukigombania mashine moja. Alikuwa Mganda, aliyekimbilia huku zamani, dereva wa basi aliyestaafu, anakaa Upplands Väsby. Yeye ameshika upande huu, mimi nimeshika upande ule, hakuna anayeachia. Mwishowe akaniuliza, "We binti, ukiipata utaifanya nini?" Nikamwambia nitaifungua nione inavyofanya kazi ndani. Akaachia papo hapo. Akasema nichukue, ila nisiifungue mpaka nije kwake anionyeshe, nisije nikaiua. Ndivyo alivyopata kuwa mwalimu wangu, na hasira alikuwa nazo, usifikiri ni mzee wa kubembeleza watu.

Sasa, nilikuwa na mdogo wangu, Dezire. Wazazi wetu walitutoka mapema kule Bujumbura, mimi ndiye niliyemlea, mimi ndiye mama na baba. Akampenda msichana wa kwetu anayeishi huku huku, Nadine, msichana mzuri kwa sura na kwa heshima. Lakini mama yake Nadine alikuwa hataki. Alikuwa akisema kwenye simu kutoka nyumbani, bila kuficha, kwamba kijana aliyekua bila wazazi, yeye haoni ni nani atakayemshika akikosea. Maneno hayo yalinikaa kooni. Tulimbembeleza muda mrefu, wachungaji wakaingia, shangazi wakaingia, mpaka akakubali. Akakata tiketi, akaja na imvutano za harusi.

Najua wewe umeziona kwenye picha tu. Imvutano ni kile kitambaa chepesi kinachong'aa ambacho kwetu Burundi bibi harusi na wasindikizaji wake hujivika, kikafungwa fundo begani. Mama Nadine alizichagua mwenyewe sokoni, rangi moja zote, na hapa Stockholm usingezipata hata ukilia. Lakini mama wa watu, kama mama zetu wote, hakuweza kupanda ndege bila mawese. Akayaweka kwenye chupa, chupa akaifunga kwa mifuko, mifuko akaizungushia… imvutano! Ili chupa isivunjike, eti. Alipofungua sanduku hiyo Ijumaa asubuhi, harusi kesho yake, mawese yalikuwa yameshatembea.

Akanipigia anahema. Chumba cha kufulia cha jengo alilofikia kilikuwa kimeshachukuliwa siku nzima. Unazijua tvättstuga zetu, ukigusa zamu ya mtu unaandikiwa maneno makali na kubandikwa mlangoni. Nami nikapata nafasi ya kujionyesha. Nikamwambia, "Mama Nadine, niletee hapa. Mimi nina mashine yangu bafuni, nimeitengeneza kwa mikono yangu, inafua taratibu kama mama anavyomwogesha mtoto." Nilitaka aone kwamba Dezire ana mtu.

Akaja, akaketi, akanywa chai, akaniangalia nikisugua yale madoa kwa sabuni ya vyombo mpaka rangi ya mawese ikafifia. Nikazipanga ndani ya pipa, nikafunga vibawa, vikalia. Akaniambia, "Kumbe we ni fundi." Mwanangu, nilivimba! Akarudi kwa wenyeji wake hapo jirani kupumzika, nami nikabaki nikiimba.

Mashine ilifua vizuri. Ikasuuza vizuri. Ilipoanza kukamua ndipo nikasikia kishindo, kisha mkwaruzo wa chuma kwa chuma, kisha kimya. Nikachomoa waya wa umeme, nikainua mfuniko. Pipa lilikuwa limenigeuzia mgongo. Nilichokiona ni chuma kitupu, vibawa vimeenda chini, na nikijaribu kulizungusha kwa mkono halisogei hata kidogo. Nikajua mara moja. Springi ya kibawa ilikuwa imechoka, kibawa kimefunguka pipa likiwa kwenye mwendo, kikaenda kunasa kwenye koili ya kuchemshia maji huko chini. Na imvutano zimo humohumo, pengine zimeviringika kwenye hiyo koili. Ukilazimisha, unazichana zote.

Nikakaa chini kwenye sakafu ya bafu. Sikuwaza mashine. Niliwaza yule mama atakavyosema mbele ya shangazi wote kwamba alijua tangu mwanzo, kwamba watu hawa hawana wa kuwashika. Simu ikaita. Ni yeye. Nikaiangalia mpaka ikanyamaza. Ikaita tena, nikaifunika kwa taulo. Ona akili hiyo, mtu mzima anaifunika simu kwa taulo!

Dezire akaingia, nikamweleza. Alitoka mbio akarudi na nyundo na patasi. "Dada, tulipasue hili pipa." Nikamwambia akiligusa nampasua yeye. Akaniuliza basi tufanyeje, na Mama Nadine anampigia yeye pia, na yeye hapokei, na Nadine naye anapiga. Hapo wote wawili tukawa tumejifungia bafuni kama wezi, simu mbili zinalia, mashine imenuna.

Ndipo nikampigia Mzee Lubega. Nikamweleza kila kitu, springi, kibawa, koili. Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akaniuliza swali moja tu.

"Mwenye nguo umemwambia?"

"Bado, Mzee. Nataka kwanza nizitoe, halafu—"

"Halafu nini? Nguo ni zako?"

"Si zangu, Mzee."

"Unajua pipa linavyofunguliwa, nilikuonyesha. Hukunipigia kwa sababu ya pipa. Umenipigia kwa sababu unaogopa mwanamke mwenzio. Mimi kwa hilo sina bisibisi. Mwambie kwanza, ndipo unipigie." Akakata simu.

Nilikasirika, sitakuficha. Nilimtukana kimoyomoyo kwa Kirundi chote nilichobakiwa nacho. Mtu anazama, unamwambia aombe ruhusa kwanza! Lakini mkono ulikuwa umeshachukua simu. Nikampigia Mama Nadine. Alipokea hata kabla haijaita sawasawa.

Nikasema, "Mama Nadine, nisamehe. Mashine imekwama na imvutano zimo ndani. Sijui kama zitatoka nzima."

Nikasikia anavuta pumzi, halafu nikasikia kilio, kilio cha sauti kabisa, cha mtu aliyejitupa kitini. Nikasema moyoni, kwisha habari yetu. Kumbe alikuwa anasema, "Asante Yesu. Asante Yesu. Ni mashine!"

"Mama Nadine?"

"Ni mashine tu! We binti, unataka kuniua? Nakupigia hupokei. Nampigia Dezire hapokei. Nadine anampigia mchumba wake, hapokei. Mtoto amejifungia chumbani analia, anasema kijana amebadili mawazo na wewe ndiye unayemficha. Nimeshaanza kukunja nguo zetu turudi nyumbani! Nakuja hapo sasa hivi."

Sikujua nicheke au nilie, nikafanya vyote. Dezire alikuwa ameshatoka mbio kumfuata Nadine, hata koti hakuvaa, na theluji ya Machi unaijua ilivyo. Mimi nikiwa nimesimama na nyundo yake mkononi nikahisi mabega yangu yanashuka. Tangu asubuhi nilikuwa nimeyabeba juu, na sikuwa najua.

Mama Nadine alifika amevaa ndala na soksi. Akapandisha mikono ya gauni, akasema, "Haya fundi, mimi nishike nini?" Nikampa tochi. Tukateremsha bomba la kutolea maji, tukayaacha yaende kwenye tundu la sakafuni. Tukaivuta mashine kutoka ukutani, nikafungua bamba la nyuma, nikalegeza nati inayoshika ile koili. Kuitoa koili ni kazi ya polepole, unaivuta kidogo, unasikiliza, unairudisha, unavuta tena. Ukihisi inavuta nguo, unasimama. Mama Nadine alikuwa ananimulikia na kuomba kwa wakati mmoja, tochi inacheza kwa kila amina, nikamwambia, "Mama, omba bila mikono." Akacheka mpaka tochi ikaanguka.

Koili ikatoka. Kwenye tundu lake nikaingiza vidole viwili, nikakigusa kile kibawa, kimesimama wima kama mtu aliyegoma. Nikakisukuma kirudi ndani ya pipa. Kikagoma, nikakisukuma tena, kikaingia. Nikamwambia Mama Nadine aweke mkono juu ya pipa alizungushe taratibu. Likasogea. Likazunguka. Vibawa vikaja juu vikiwa wazi, na humo ndani imvutano zimejikunyata, zimelowa.

Tulizitoa moja moja. Kila inayotoka anaikunjua mbele ya taa, anaigeuza, anaitazama pindo, mimi nimeshika pumzi. Moja ilikuwa imevutwa uzi kidogo pembeni. Nyingine zote nzima, na mawese hayapo. Ya Nadine ndiyo ilitoka ya mwisho, na ilikuwa safi kuliko ilivyotoka sokoni. Mama Nadine akajifunika nayo uso, imelowa vilevile, akakaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea. Nami nikakaa karibu yake. Oo mwanangu, raha ile sijaipata tena mahali popote, hata siku nilipopewa karatasi za kukaa nchi hii.

Mzee Lubega alitokea tukiwa tunazianika sebuleni. Alikuwa amepanda treni kutoka Väsby, akabadilisha, akaja na mfuko wa vifaa na springi mpya. Aliangalia nguo kwenye kamba, akaniangalia, akamsalimia Mama Nadine kwa heshima zote, akaingia bafuni kubadilisha springi. Alipotoka akaomba chai yenye tangawizi nyingi.

Kabla hajaondoka, Mama Nadine alinivuta pembeni. Aliniambia, "Nilikuwa naogopa kumpa binti yangu kwenye nyumba isiyo na mkubwa. Leo nimeuona ukubwa wako. Nilijua umeogopa, na bado ukanipigia." Harusi ilifanyika Jumamosi, na mimi nilicheza mpaka viatu vikanishinda.

Sasa nasaha yangu ni hii, na sitaizungusha. Kitu kikikuharibikia mikononi, kabla hujatafuta bisibisi, mtafute anayehusika umwambie. Usingoje uwe umekitengeneza kwanza ili umletee habari nzuri. Wewe ukiwa umekaa kimya unaiona mashine iliyokwama, lakini aliye upande wa pili haoni mashine. Anaona kifo, anaona kuachwa, anaona kila kitu kibaya alichowahi kukiogopa. Ukimya wako unamtesa kuliko kosa lenyewe. Na wewe unajitesa bure, maana mara nyingi yule unayemwogopa ndiye atakayekushikia tochi.

Mama yako alinipigia juzi. Akaniuliza mtoto wake ana nini, mbona akimuuliza kuhusu chuo anasema "det är bra", eti mambo ni mazuri, na kufunga mlango. Sikuulizi umefanya nini, wala sitaki uniambie mimi kwanza, mimi si mwenye nguo. Panda juu umpigie. Mwambie hivyohivyo lilivyo, hata kama sauti itatetemeka. Huenda atalia. Msikilize vizuri anapolia, usije ukadhani ni hasira.

Nenda, mwanangu. Mungu akufungulie kinywa chako leo, na aulainishe moyo wa atakayekusikiliza. Akupe watu wa kukaa nawe sakafuni mambo yakikwama, na usiku wa leo ulale usingizi wa mtu asiye na la kuficha. Amina. Na mlango huo uache wazi, usiufunge.