Kinyago Chenye Kovu la Mume Wangu

Kazi yangu ilikuwa kupangusa vinyago. Mkuu wa boma, Mreno, aliichukua ile nyumba kuukuu ya mawe ya mjini kwetu, ambamo zamani walifungiwa watumwa, akaijaza vinyago vya Wamakonde, vingine havijakauka hata utomvu, akaiita museu, yaani makumbusho kwa lugha yake. Vita vinawaka bara, yeye anapamba kuta! Mume wangu alikuwa amepita Kionga, akavuka mto Ruvuma kwenda kwa wapiganaji wa uhuru. Mwaka wa pili huo, salamu hakuna. Majirani wakaanza kuniuliza mbona sikai eda. Eda ya nani, nami sijui kama ni mke au mjane?

Tulikuwa wawili kazini, mimi na mama mmoja wa Kimakonde. Chumba cha nyuma yeye haingii ng'o. Humo yalitundikwa mapiko, vile vinyago ambavyo wanaume wao huvaa kichwani ngomani. Kwao mwanamke haruhusiwi kuvitazama vikiwa vitupu. Huambiwa anayecheza ni maiti aliyerudi.

"Mti tu huo, shoga," nilimcheka. "Utakung'ata?"

"Wewe cheka tu."

Asubuhi moja askari walileta gunia kutoka kijiji walichokichoma huko bara. Vilivyokuwemo vikatundikwa chumba cha nyuma. Nikaingia na kitambaa changu, na pale ukutani mume wangu ananitazama. Wallahi, yeye! Kofia yake, pengo lake, na kovu juu ya jicho la kushoto, alipoangukiwa na nazi. Nilipiga ukelele.

Mwenzangu alikuja mbio, akasimama mlangoni na kunipa mgongo.

"Mume wangu yumo humu," nikamwambia. "Nyie mnachonga wafu, au na walio hai?"

Jamani, akageuka, akaingia macho wazi. Alikinusa kile kinyago.

"Mti mbichi," alisema. "Walio hai nao huchongwa, hata mtu wa kutaniwa tu. Aliyekichonga alikuwa akimwona."

"Basi yu hai!"

"Alikuwa hai kabla kijiji hakijachomwa." Akajifunika uso kwa kanga. "Usimwambie mtu kwamba nimetazama."

Tangu hapo nilianzia chumba kile kila siku. Nilimsalimu, nikamgombeza: nyumba inavuja, na wewe umeng'ang'ania ukuta! Lakini niliogopa kumpa mgongo. Nikitoka, nilitoka kinyumenyume.

Mkuu wa boma akahamishwa. Siku moja nikakuta kuta tupu. Vyote vimetiwa masandukuni, vimekwenda Ureno kwa meli. Ulibaki msumari. Nilikaa chini nikalia kama waliao msibani.

Kesho yake sikwenda kazini. Nilivua hereni, nikaanza eda, miezi minne na siku kumi.

Vita vilipokwisha, wanaume wakarudi kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Kila aliyepita mlangoni kwangu, nilimtazama kwanza juu ya jicho la kushoto.