Sauti ya Dalali Mongi

Kabla madaktari hawajampasua koo na kumwondolea sauti, Mongi alikaa jikoni siku tatu akijirekodi. Alikuwa dalali wa zeituni mjini Sfax, Tunisia, miaka thelathini na minne akinadi, na sauti yake ilikuwa ikivuka ukuta wa soko. Binti yake Olfa alimshikia kipaza sauti.

"Haya baba, sema: nipe chumvi."

"Nipe chumvi! Na mkate pia, kwani chumvi naila peke yake?"

Vikaingia vyote, hata kicheko. Maneno mia sita na kumi na mawili.

Programu ya kuyatamka aliitengeneza Olfa mwenyewe. Ukiifungua unaona vitufe tu, kila kimoja na neno lake, kumbe ndani mna kivinjari kizima cha intaneti kilichovalishwa nguo za programu ya kawaida. Ndiyo maana ilikuwa nzito kama gunia la zeituni mbichi. Aliiita Hissi, yaani sauti yangu, akaiachia huria: atakaye achukue, atakaye atie kiraka penye kasoro. Ikafika nchi arobaini. Kila aliyeifungua alikuta kitufe kimoja cha mfano, na akikibonyeza anamsikia Mongi akinadi: "Imeuzwa!"

Siku moja akapiga simu Yugurten wa Tizi Uzu, Algeria, aliyekuwa akimsaidia kuitunza programu bila kuonana naye hata mara moja.

"Dada, jina hilo lina mwenyewe. Kuna programu nyingine inaitwa hivyohivyo. Na malalamiko ya uzito yamefika mia."

"Na wewe umekuja kunisuta?"

"Nakusuta kwa upendo. Punguza mizigo."

Basi Olfa akabadilisha jina, ikawa Lisan, yaani ulimi. Ili kupunguza mizigo, akaliagiza toleo jipya lifute folda ya lile la zamani. Akalijaribu kwenye kompyuta yake, isiyo na rekodi ya mtu, likapita salama. Akaliachia.

Alisahau jambo ambalo mafundi wa kazi hii wanalijua hata usingizini: kile kivinjari cha ndani hutunza vitu vya mtu kwa jina la programu. Jina jipya ni nyumba mpya, tupu. Na ile ya zamani alikuwa ameibomoa kwa mkono wake.

Kompyuta ya Mongi ilijisasisha yenyewe wakati wa chakula cha mchana. Mzee alitaka harisa, ile pilipili ya kusaga. Akatafuta kitufe, hakukiona. Akatafuta tena. Kisha akamgeuzia binti yake kioo cha kompyuta, kama mtu anayeonyesha sahani isiyo na kitu.

"Nimelisimamisha lile toleo," Yugurten alisema kwenye simu. "Limewafikia watu kumi na tisa tu. Nakala ya baba unayo?"

Olfa akafungua folda moja baada ya nyingine.

"Dada! Si wewe uliyeandika ukurasa wa kwanza kabisa: wekeni nakala?"

"Niliwaandikia wengine."

Mganga hajigangi. Fundi wa mjini alihangaika na diski siku mbili, akairudisha akitikisa kichwa.

Olfa akamtafutia baba sauti ya mashine. Mongi alisikiliza neno moja tu, akasukuma kompyuta mbali. Kikabaki kile kitufe cha mfano, kwa kuwa huja na programu yenyewe.

"Baba, kahawa?"

"Imeuzwa!"

"Na sukari?"

"Imeuzwa!"

Wakacheka, mmoja kwa sauti, mmoja mabega tu. Olfa akapata moyo, akauliza lililomkaa kooni wiki nzima.

"Baba, umenisamehe?"

Kidole kikakaa juu ya kitufe. Hakikubonyeza. Mongi akaifunga kompyuta taratibu, akavuta kikombe chake, akanywa.