Ndege Tatu, Siku Mbili

Ukutani kwa fundi saa palikuwa na saa mbili ambazo asingeziuza hata ungemlilia. Moja ilionyesha wakati wa hapa. Nyingine, iliyotangulia kwa saa tano, ilionyesha wakati wa mji anakoishi mwanawe wa pekee. Mteja akiingia tu na saa yake iliyogoma, lazima aonyeshwe hiyo ya pili. "Huko sasa hivi wanatoka makazini," fundi angesema, kioo cha kukuzia kikiwa bado kimembana jichoni. Watani walimwita Dakika, maana hata salamu hakuitikia kabla ya kutazama ukutani.

Akiulizwa kijana anakuja lini, jibu alikuwa nalo tayari. "Mnadhani ni hapo kwa jirani? Kilomita elfu saba na ushee! Ndege tatu. Siku mbili nzima mtu yuko njiani, miguu imevimba." Watu wakashika vichwa, wakasema kweli dunia kubwa, na maswali yakaishia hapo. Kwenye kilomita hakudanganya. Ndege mbili kati ya zile tatu ndizo alizozitunga mwenyewe, mwaka ule mkewe alipopasuliwa tumbo na kijana akatuma ujumbe: pole mama, kazi zimebana. Baba gani ana uso wa kuwasomea majirani maneno kama hayo?

Mchana mmoja mkewe alikuwa amemletea chakula, wateja wamejibanza kwenye benchi, akaingia binti wa mwenye duka la vitambaa la ng'ambo ya barabara. Alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka mji uleule wa kijana, na mkanda wa saa yake ulikuwa umekatika.

"Pole na safari, mwanangu," fundi alimwambia. "Hizo ndege tatu si mchezo."

"Tatu?" Binti alicheka. "Baba, ni moja tu! Nimepanda juzi usiku, nikalala, kuamka tuko hapa. Masaa tisa. Na zipo kila siku, mbona."

Kwenye benchi hakuna aliyesema kitu, na hilo ndilo lililomchoma fundi. Bora wangecheka. Aliinamia ule mkanda kama anayetafuta kitu kilichopotea, masikio yakimwaka moto. Aliona aibu, ile aibu ya kuvukwa na nguo mbele ya mkwe.

Mkewe ndiye aliyefungua kinywa. "Wewe umebahatika kupata ya moja kwa moja," alimwambia binti huku akikusanya vyombo. "Ya mwanetu inazungukazunguka." Alisema hivyo bila kupepesa jicho. Fundi alimtazama, akaelewa kwamba mwanamke huyu alikuwa anajua siku zote. Sasa aibu ikawa mara mbili: alijiona anamsitiri mke, kumbe mke ndiye anayemsitiri yeye.

Jioni wakiwa nyumbani, simu ikalia. Alikuwa ni kijana wao. Waliulizana hali, wakaongea kuhusu mvua, na mgongo wa mama.

"Ningekuja mwezi ujao, baba, natamani kweli," kijana akasema. "Ila si unajua mwenyewe. Safari ya siku mbili."

Mkewe, aliyekaa ubavuni, alimtazama fundi. Maneno yalikuwa yake yaleyale, sijui ni shangazi gani aliyeyafikisha huko. Alitaka kumkatalia. Alitaka hata kumfokea. Lakini angeanzaje, wakati uongo ni wa kwake?

"Ndiyo, mwanangu," akajibu. "Ni mbali."

Mkewe alinyoosha mkono, akaichukua simu.

"Ni masaa tisa," alisema. "Ndege moja. Baba yako anaona aibu kukwambia."

Kisha akamrudishia mumewe simu na kwenda zake jikoni. Fundi alibaki na simu sikioni akisubiri kijana atasema nini, na safari hii hakuwa na kisingizio cha kumwazima mwanawe.