Shada Lililoujaza Ukumbi wa Thamarai

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Thamarai Selvi anapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye kona ya fremu. Ukucha ukikwama, kona imekosewa. Huu unateleza. Anacheka peke yake, anaigeuza fremu na kugongea misumari midogo kwa nyuma, kila mmoja mapigo mawili.

Hiyo ni ya kumi, na ndiyo ya mwisho. Leo Jumapili, katika mtaa wa wafumaji hariri mjini Kumbakonam, kusini mwa India, fundi huyu mwenye umri wa miaka 43 anafungua ukumbi wake wa kwanza wa picha: chumba kimoja, dirisha moja la barabarani, kuta zilizopakwa chokaa juzi.

"Nimeamka kama mtoto siku ya Deepavali, sikukuu ya taa," anasema. "Kabla ya jogoo, na kabla ya mama mkwe."

Kazi aliachiwa na baba mkwe wake miaka kumi na tisa iliyopita, macho ya mzee yalipoanza kushindwa kusoma futi. Hutumia mbao za msaji kutoka nyumba za kale zinazobomolewa. Huzikata kona kwa msumeno wa mkono, huzitia gundi, huzifunga kamba, kisha huzingoja siku nzima. Siku njema hubakiwa na rupia 600.

Picha nyingi zinazoletwa dukani kwake ni za marehemu. Familia huja na picha ya kitambulisho iliyokuzwa, na fremu hutakiwa kabla ya siku ya kumi na sita, ya kuhitimisha msiba. Thamarai huikamilisha, huitundika ukutani na kuivika shada la maua yeye mwenyewe, ili wenyewe wakija wasiikute tupu.

"Wengine hulia hapa hapa. Nawapa maji, nawapa kiti."

Alitamani kuwatengenezea walio hai pia. Ndipo akakutana na Ilango, mchoraji wa mabango ya maduka aliyekosa kazi tangu mabango ya plastiki yaanze kuchapishwa kwa mashine. Kwa miezi minne Ilango alichora wazee kumi wa mtaa, wote wazima, kila mmoja mbele ya kitanda chake cha kufumia.

Chumba ni cha mmoja wao, bibi Kanagavalli, miaka 78. Alimpa Thamarai bure kwa mwezi mmoja, nao unaisha leo. Muuza simu ameahidi rupia 8,000 kwa mwezi. Masharti ya bibi yalikuwa mafupi: "Watu wakiingia, utabaki kwa kodi unayoiweza. Mkikaa mnatazamana wewe na mchoraji wako, kesho ufunguo nampa mwenye simu."

Picha ya Kanagavalli iliwekwa karibu na dirisha. Thamarai aliitundika, akarudi nyuma hatua tatu, akainyoosha. Kisha akachukua shada la asumini alilonunua kwa ajili ya mlango, akaivika picha, akafunga chumba, akaenda kuoga.

"Sikufikiri. Ni mikono iliyofikiri," anasema. "Miaka yote hiyo, fremu ikishatundikwa, linafuata shada."

Hakuna anayeivika shada picha ya mtu aliye hai.

Wa kwanza kuchungulia dirishani alikuwa jirani, Pushpam. Alijipiga kifua, akakimbilia jikoni kwake. Nyumba iliyofiwa haiwashi jiko, kwa hiyo baada ya dakika arobaini alirudi na sufuria ya wali wa ukwaju, na nyuma yake nusu ya mtaa.

Thamarai alitokea nywele zikidondosha maji, akakuta watu thelathini mlangoni.

"Jana tu alikuwa mzima, kanitukana vizuri kabisa," Pushpam alikuwa akilia. "Fungua, mwanangu, tumwone."

Alifungua kabla ya kuelewa. Ndipo alipoliona shada. "Nikajua chumba kimekwenda."

Wakati huohuo Kanagavalli alikuwa akirudi kutoka hekaluni, majivu ya ibada yakingali mapya kwenye paji la uso. Watu wakampisha.

"Nani kafa?"

Akafuata macho yao mpaka ukutani.

"Thamarai."

"Naam, bibi."

"Nimekufa saa ngapi?"

"Nisamehe, bibi, ni mazoea ya—"

"Nimeuliza saa ngapi. We mchoraji, ulikuwepo?"

"Mimi nilikuchora mzima," Ilango alijibu kutoka katikati ya watu. "Hayo mengine muulize fundi."

Bibi akafunua sufuria. "Pushpam, huu wali ni wangu?"

"Ndiyo, dada."

"Miaka hamsini ya ujirani, hujawahi kuniletea hata punje. Ilibidi nife."

Hapo Pushpam mwenyewe akaanza kucheka, machozi bado mashavuni. Bibi akaivua picha shada, akasema anayezushiwa kifo huongezewa umri, na kwamba yeye hatairudisha miaka hiyo. Akaagiza kiti, akaketi chini ya picha yake, akala.

Habari zikasambaa. Waliosikia amekufa walikuja. Waliosikia hajafa walikuja mbio zaidi. Wakishamwona, waliinua macho ukutani wakaanza kutafuta baba zao na shangazi zao. Kufikia saa saba mchana Ilango alikuwa amehesabu watu 214.

Muuza simu naye alifika na uso wa msiba.

"Vizuri umekuja," bibi alimwambia. "Chumba kimeshapata mtu. Keti ule."

Kodi imewekwa rupia 2,500 kwa mwezi, kwa mwaka mzima.

Sasa ni jioni, na Thamarai ameshaagiza boriti za nyumba inayobomolewa ng'ambo ya mto; anakadiria zitatoa fremu ishirini. Watu sita wameomba kuchorwa. Pushpam, aliye wa kwanza, anataka fremu pana kuliko ya Kanagavalli, na Thamarai amemwambia mara mbili kwamba haitampendeza.

"Nimezoea wateja wanaonieleza marehemu alivyokuwa," anasema, akikunjua futi. "Mwaka huu nataka wanaobishana nami."