Glovu za Komunyo

Nyie wajukuu mkiona mtu kajenga ghorofa haraka mnasema huyo frimasoni, mnacheka. Mie mtu wa kucheka sana, hata msibani nimeshawahi kuvutwa kanga kwa kucheka, lakini neno hilo likitajwa kicheko changu kinatoka, kinafika mahali kinakwama. Lilishaingia nyumbani kwangu neno hilo. Lilikaa kitini kama mgeni asiyejua kuaga.

Sie tulitoka Tabora, mie na baba watoto, tukapanga vyumba viwili Temeke, huku karibu na Chang'ombe. Mwenye nyumba alikuwa bibi wa Kizaramo. Mie Mnyamwezi, yeye Mzaramo, watani hao. Asubuhi ya kwanza kanikuta nafagia uani, akaniambia, "We mtumwa, nani kakuruhusu ushike ufagio wangu?" Nikamjibu, "Ungeamka mapema ungeushika mwenyewe, mvivu mkubwa!" Basi, tukapendana hapo hapo.

Baba watoto alifanya kazi mjini, kwenye jumba moja la zamani. Kazi yake kufagia, kupiga deki, kupanga viti. Wenye jumba walikuwa wazee wa Kizungu na Wahindi wawili watatu, wanaume watupu, wanakutana mara moja kwa mwezi. Wanavaa suti nyeusi, glovu nyeupe, na aproni ndogo kiunoni. Mie aproni zile zilinichekesha mpaka machozi.

"Wanaume wazima, wanapika nini humo?"

"Nitajuaje, mama watoto? Wakishaingia wanafunga mlango. Mie nakaa nje kwenye benchi, nasikia wanagonga mara tatu, ngo, ngo, ngo, basi."

Kingine alichokijua ni sakafu, maana ndiyo aliyokuwa anaipiga deki. Nyeusi na nyeupe, kama ubao wa drafti. Na juu ya meza mle ndani kulikuwa na vitabu vya dini vimewekwa pamoja, Biblia, Kurani, na kimoja cha Kihindi. Hicho ndicho kilichomshangaza. "Pale hawaulizani dini," alisema. "Wanaitana ndugu."

Zile glovu alikuwa ananiletea mie nifue. Naziloweka, nazisugua kwa sabuni ya mche, natia bluu kidogo, naanika. Upepo ukija, kamba nzima imejaa mikono. Mikono myeupe mitupu, inapunga. Bibi Mzaramo akipita anaipungia na yeye, "Haya, haya, tumeonana!" Sie tunacheka. Mungu nisamehe, tulikuwa tunaicheka.

Tulikuwa na binti yetu mmoja wa mwisho, kitinda mimba, ana kama miaka tisa. Huyo alikuwa wa baba yake. Tukila samaki, baba ndiye anayemtolea miba, polepole, kwa vidole, anamwekea nyama pembeni ya sahani. Mie nikimchambulia hali. "Mama unaacha miba," anasema. Kumbe anataka mkono wa baba yake tu.

Mwaka huo binti akamaliza mafundisho, apokee Komunyo ya Kwanza. Ilikuwa zile enzi za ruksa, maduka yamejaa, mitumba imeshuka, kila mama anataka mwanawe ang'ae kuliko wa jirani. Gauni nikapata mitumba, shela nikakata pazia. Glovu sikupata. Za kitoto hakuna, na katekista, mama mmoja mkali wa jumuiya yetu, kasema mtoto asiye na glovu nyeupe atakaa nyuma.

Sasa baba watoto alikuwa na jozi moja chakavu aliyopewa na wazee wa jumba. Nikaichukua. Nikaikata vidole, nikaishona upya, ndogo, nzuri, ungesema ya dukani. Mgongoni ilikuwa na alama imedariziwa kwa uzi wa bluu, bikari na skwea, vile vyombo vya mafundi. Mie nikajua ni alama ya mafundi seremala. Nikaifumua uzi wote kwa sindano. Matundu yakabaki, nikasema nani ataangalia matundu?

Jumapili hiyo watoto wamepanga mstari nje ya kanisa, mikono wameikunja kifuani. Jua linawapiga. Katekista anapita anawakagua mmoja mmoja. Akafika kwa wangu, akasimama. Akainama. Pale uzi ulipokuwa glovu ilikuwa nyeupe zaidi, kwingine imefifia. Alama yote ilionekana.

"Hizi umepata wapi?"

"Za baba," mtoto akasema. Kwa fahari kabisa.

Mama yule alizivua kama anavua nyoka. Akanigeukia mbele ya watu wote. "Mama, unamleta mtoto kwa Yesu na mikono ya frimasoni?"

Mie neno lenyewe nililisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza. Nikacheka, si ndiyo kawaida yangu. Nikasema, "Mwalimu, hizo za mafundi." Kicheko kile ndicho kilichoniponza. Walisema hata haya sina.

Mtoto alipokea Komunyo, padri hakumkatalia, lakini mikono mitupu, wa mwisho kwenye mstari. Na Jumatano akashikwa na homa.

Malaria, nyie! Nani Temeke hajaumwa malaria? Lakini bombani kina mama walikuwa na yao. "Amevalishwa alama. Keshatajwa huyo. Baba yake anataka utajiri, atamtoa kafara." Utajiri gani, baiskeli yenyewe haina breki! Lakini siku zile kulikuwa na mikutano ya injili viwanjani, vipaza sauti mpaka vyumbani mwetu, mhubiri anasema frimasoni wanakunywa damu ya watoto wao. Na binti yangu amelala na homa, dirisha wazi, anasikia yote. Ya bombani anasikia, ya kiwanjani anasikia.

Kwinini ilimponya. Siku ya kwanza ya kula vizuri nikapika samaki, changu. Baba akakaa, akatoa miba, akaweka nyama pembeni ya sahani. Mtoto akaiangalia. Akasogeza sahani.

"Mbona huli?"

"Nimeshiba."

"Hujagusa."

"Baba, usiniguse."

Niliona uso wa baba watoto. Sitaki kuusema ulivyokuwa.

Nikaenda kwa padri. Mzee mpole, amesoma huko Ulaya. Nikamweleza, akatikisa kichwa. "Mama, ugomvi huu mkubwa kuliko nyie. Ni wa Ulaya, wa tangu mababu wa mababu. Mapapa waliwakataza Wakatoliki kuingia chama hicho, papa baada ya papa, kwa sababu ya viapo vya siri, na kwa sababu wanasema dini zote sawa. Na wao wakawachukia mapadri, wakataka kuwatoa kwenye shule na serikali. Wamepigana kwa vitabu, wamepigana kwa sheria. Hiyo damu ya watoto mimi sijaisoma popote, ni maneno ya watu. Mumeo ameapa?"

"Ameapa kufagia, baba."

Akacheka. Halafu akaacha. "Kufagia si dhambi. Lakini watu wanakwazika. Kama anaweza kupata kazi nyingine, atafute."

Nikamuuliza, "Na mtoto nimwambie nini?"

Padri akanisindikiza mpaka mlangoni. Alisoma Ulaya, lakini hilo hakusoma.

Baba watoto akaacha kazi. Akawaaga wale wazee, mmoja akampa mkono, akamwambia hata yeye kanisa lake la kwao halikumtaka. Akapata ulinzi kwenye kiwanda Chang'ombe. Kazi aliiacha, jina halikumuacha. Oktoba, mwezi wa rozari, ile sanamu ya Bikira Maria inayozunguka nyumba hadi nyumba, inalala kwa huyu leo, kesho kwa yule, ikaruka nyumba yetu. Ilitoka kwa jirani wa kushoto ikaenda kwa wa kulia, mie nimesimama mlangoni na kitambaa nimeshatandika mezani.

Bibi Mzaramo akaja kukaa na mie. "Nyie Wakristo bwana! Vitabu vitatu kulala meza moja ndiyo kelele yote hii? Kwani humu uani mwangu tunalalaje?" Nikacheka, nikalia, vyote pamoja.

Lakini la sanamu nilivumilia. Lililonishinda ni hodi. Baba watoto akirudi kazini anagonga kama mtu yeyote, hodi, hodi, hodi, mara tatu. Siku moja nikaona binti amejikunyata pembeni ya kabati anahesabu kwa vidole. Moja, mbili, tatu. Macho yamemtoka. Ile habari ya kugonga mara tatu baba mwenyewe ndiye aliyetuhadithia, tukicheka, mtoto amempakata.

Nikamwambia baba watoto. Kuanzia kesho yake akawa anagonga mara mbili. Ngo, ngo. Halafu kimya. Mtu anagonga nyumba yake, analipia kodi yeye, anakatiza hodi njiani asimtishe mwanawe. Kile kimya baada ya hodi ya pili, mie kilikuwa kinanipita mgongoni kama maji ya baridi.

Miaka ikaenda hivyo. Samaki anachambuliwa, nyama inawekwa pembeni ya sahani, inabaki pale. Hakuacha hata siku moja. Binti akawa mkubwa, akaingia sekondari, akajua zile zilikuwa porojo. Alijua kabisa. Lakini kujua kwa kichwa na mkono kunyooka ni mambo mawili. Kuna siku nilimwona kaukaribia ule mnofu, vidole vimefika. Akachukua chumvi. Aibu nayo ilikuwa imeshaingia, akawa hajui arudi kwa njia gani.

Baba watoto aliondoka ghafla, presha, yuko kazini. Tulikuwa tumeshapata kiwanja kidogo Chanika, tukasema tumzike huko. Siku ya msiba bibi Mzaramo, mtani, alifanya kazi yake. Alivaa sare ya marehemu ya ulinzi, akapanda ile baiskeli isiyo na breki, mzee mzima yule, akazunguka uani anapiga kelele, "Nipisheni, mtumwa anachelewa lindo!" Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Mie pia.

Jumuiya walikuja. Katekista naye alikuja, amezeeka, macho chini. Walimwosha marehemu, wakamvika suti, na si mnajua, maiti yetu tunaivika na glovu nyeupe. Katekista ndiye aliyezileta, mpya, kwenye mfuko wa nailoni. Labda ndiyo ilikuwa njia yake ya kuomba radhi, sijamuuliza. Akazitoa, akataka kumvalisha.

Binti yangu akasema, "Hapana, mwalimu."

Katekista akageuka.

"Shikamoo, mwalimu. Naomba asivae. Baba aende na mikono yake."

Katekista akaniangalia mie. Nikasema, "Umesikia mtoto." Akazikunja, akazirudisha mfukoni, mfuko unafanya kelele chumba kizima. Binti akapiga magoti, akaushika mkono wa baba yake kwa mikono yake miwili. Wa baridi, nyie. Akashika kidole kimoja kimoja, kama anatafuta mwiba. Hakulia. Alikaa hivyo mpaka wenye jeneza wakasema jamani, jua linakwenda, Chanika mbali.

Sasa hivi yeye ana wanawe, na wakila samaki anawachambulia mwenyewe, hamwachii mtu. Mie nakaa peke yangu huku huku Temeke, kile chumba cha mbele. Mchana, watu wakiwa kazini, upepo unaugongagonga mlango wangu. Mara nyingine unagonga mara mbili, halafu kimya. Naacha ninachofanya. Nasema kwa sauti, hata mpangaji mwenzangu ananicheka: karibu, baba watoto, mtoto kishakua, gonga na ya tatu.