Ufunguo wa Kabati la Mashine

Umewahi kumshikilia mtoto wa miezi saba akichomwa sindano mara sita? Mimi nimewahi. Nilimshika mabega, mama yake miguu, na aliyekuwa akichoma ni mama yangu mdogo.

Wodi nzima humwita Fundi. Miaka ishirini na sita amewawekea dripu watoto waliowashinda madaktari, tena bila kutegemea macho: hupapasa kwa ncha ya kidole mpaka ausikie mshipa. Lakini siku hizi kisukari kimemtia ganzi vidoleni. Siri hiyo tulikuwa nayo wawili, yeye na mimi, mwanafunzi wa utabibu niliyepangiwa mazoezi wodini kwake.

Na msaada ulikuwepo, hatua ishirini tu kutoka wodini. Mashine ndogo ya infraredi, ukubwa wa tochi. Ukiielekeza kwenye ngozi, mishipa inajichora juu yake kama barabara kwenye ramani. Tuliletewa kama msaada mwaka jana. Muuguzi mkuu akaifungia kabatini ofisini kwake isije ikaharibika, na ufunguo anatembea nao.

Siku hiyo mtoto aliletwa akiwa ameharisha siku mbili, macho yamezama, analia bila machozi. Nilikimbilia ofisini. Karani akaniambia mkubwa yuko kikaoni, na kesho kuna wageni wa kuiona mashine, kwa hiyo isiguswe.

Fundi akajaribu mikono yote miwili, kisha miguu. Mara ya tano mama wa mtoto akauliza, "Nesi, unamtibu au unamshona?" Kitanda cha pili mtu akacheka. Mara ya sita akaupata mshipa: damu ikarudi kwenye sindano, kichwani, juu kidogo ya sikio. Mama mdogo akaenda kunawa. Alinawa muda mrefu mno.

Nikamwambia aseme ukweli, wampe mashine.

"Mwanangu," akasema, "wataniondoa mimi. Kufuli litabaki."

Asubuhi yake wageni wakaja. Mashine ikafutwa vumbi, akaitwa mama mdogo atoe mkono wa kuonyeshea. Mishipa yake imetokeza kama kamba, hata kipofu angeipata. Wakammulika, wakashangaa, wakapiga picha, wakaondoka kwenda kuona jengo jipya.

Hapo mama wa mtoto akatokea mlangoni, mwanawe begani. Dripu ilikuwa imechomoka.

"Mkubwa, usiifunge kwanza," mama mdogo akasema. "Vidole vyangu vina ganzi. Siusikii mshipa."

Muuguzi mkuu akairudisha mashine kabatini. Akasema mchana kuna wageni wengine, na kwamba kuanzia leo asiguse tena sindano. Kisha akageuza ufunguo.

Nesi mgeni, wiki yake ya pili kazini, akachukua sinia. Mama wa mtoto akamshika mwanawe miguu. Mama mdogo akakunja mikono ya gauni lake jeupe, akamshika mtoto mabega.